Shimo la Domitille Nyuma ya Kavimvira

Domitille Nabindu ana majivuno, na afadhali tuseme mapema, msomaji asije kutulaumu kwamba tulimficha. Ukikutana naye sokoni Kilibula ukamuuliza mchele wa leo ukoje, atakujibu kama ni mzuri, kisha atakueleza umelimwa kwenye udongo wa namna gani. Na kama muuzaji amekudanganya kwamba umetoka Luberizi, atamwumbua papo hapo mbele ya wateja wake. Mumewe Emery, fundi cherehani mpole asiyependa ugomvi, siku hizi huenda sokoni peke yake.

Mimi simlaumu. Mtu anayeijua kazi yake na ajisifu kidogo, maana hapa Uvira tunao wengi wanaojisifu bila kujua lolote, na tunawavumilia.

Shamba lake liko bondeni nyuma ya Kavimvira, pale unapoziacha nyumba za mwisho na kuanza kuusikia mto Ruzizi kabla hujauona. Alilijua angali mtoto. Mama yake alifariki akimzaa Étienne, na Basile, baba yao, hakuoa tena. Basi Domitille akawa anambeba mdogo wake mgongoni na kumfuata baba shambani, akajifunza kupalilia huku kitoto kikimlilia masikioni.

Siku moja, bado yuko shule ya msingi, alichota udongo wa shamba hilo akaukanda kwa maji, akakandika ukuta wote wa jiko la nyumbani. Ukuta ukatoka laini kama yai. Aliita majirani waje waone. Usiku ule ule mvua ikanyesha, na asubuhi kazi yake yote ilikuwa chini, imetiririka mpaka mlangoni. Basile alicheka mpaka akashika mbavu. "Ule ni unga ya mto, mutoto wangu," alimwambia. "Hauna gundi." Mtoto mwingine angelia. Domitille alikasirika, akataka kujua kwa nini udongo mmoja una gundi na mwingine hauna. Hasira ile ndiyo iliyompeleka kusoma kilimo sekondari, msichana peke yake katikati ya wavulana, na ndiyo iliyomtoa na diploma ambayo mpaka leo imetundikwa sebuleni, juu zaidi ya picha ya harusi.

Shuleni walimfundisha kutia udongo kwenye chupa ya maji na kuutikisa. Mchanga hutua kwanza, upesi. Ule laini wa katikati, usio mchanga wala si mfinyanzi, hutua taratibu. Mfinyanzi wenyewe hubaki umeelea, unachafua maji mpaka kesho yake. Alitia udongo wa kwao, na tazama, ule wa katikati ukaijaza chupa karibu yote. Ndio unga wa mto aliousema baba yake, ulioletwa na mafuriko tangu enzi za mababu. Ukiwa mkavu unapeperuka, ukilowa unateleza kama sabuni, na ukikauka tena unafanya gamba gumu ambalo mche mchanga hushindwa kulitoboa.

Aliporudi na diploma yake, akashika jembe kama zamani, Basile alimwambia siku moja wakiwa wawili tu ukingoni mwa mfereji: "Iyi shamba ni yako." Kwao mtoto wa kike hapewi shamba, anaambiwa shamba lake liko kwa mumewe. Kwa hiyo neno lile lilikuwa kubwa mno. Lakini lilisemwa kwa mdomo, na hapakuwa na shahidi ila vyura.

Mambo yaliharibika maji yalipopanda. Sote tunaikumbuka miaka hiyo, ziwa lilipoingia majumbani bila kubisha hodi na Ruzizi ikatapika bondeni. Maji yalipopungua, Domitille alipanda mihogo. Ikaoza. Akapanda tena, kwa ukaidi, na ikaoza tena. Mihogo ilitoka ardhini imelainika na kunuka, na jirani yake wa shamba, Mama Félicité, alilazimika kuziba pua alipokuja kumpa pole. Yeye mwenye diploma, ambaye wakulima walimwita waende naye kuangalia mashamba yao, alikuwa ameozesha mihogo misimu miwili mfululizo! Mganga hajigangi. Mashamba ya watu alikuwa ameyachimba kwa kina na kuyasoma, lakini la kwao hakulichimba hata mara moja kupita kina cha jembe, kwa sababu alidhani analijua tangu utotoni.

Ndipo Étienne aliposema neno. Kile kitoto cha mgongoni sasa kilikuwa mwanaume mwenye kifua, mfyatuaji wa matofali, na matofali yake yanajulikana. Alikuja nyumbani Kilibula pamoja na baba mdogo wao, Ezéchiel, katika majuma ambayo Basile alikuwa amelazwa hospitali kwa kifua na hakuweza kusema maneno mengi.

"Yaya," alisema Étienne kwa heshima, maana dada aliyekulea humkosei adabu, "minye sikatai, weye unajua udongo. Lakini iyi shamba iko inakula mihogo yetu tu. Wacha niichimbe, nitoe tofali."

"Ukichimba tofali, kutabaki ziwa," Domitille akajibu. "Hakuna muntu atalima tena pale, hata wajukuu wako."

Ezéchiel akakohoa kikohozi cha wakubwa. "Mutoto mwanamuke iko na shamba kwa bwana yake. Emery iko na shamba?"

Emery, aliyekuwa anashona pembeni, aliinamisha kichwa kwenye cherehani.

Domitille angeweza kusema kwamba baba alimpa, lakini nani alisikia? Akapiga moyo konde. Akaomba kitu kimoja tu: Étienne asitie jembe mpaka Jumamosi, aje Jumamosi hiyo na kibao chake cha kufyatulia matofali, na yeye atakuwa amelifungua shamba waliangalie tumbo lake. Likionekana halifai kulimwa, atalitoa kwa mikono yake miwili. Étienne akakubali. Ezéchiel naye akakubali, kwa sababu hakuona atapoteza nini.

Jumamosi alfajiri Domitille alishika njia na sururu, koleo na mikeka minne iliyochakaa. Emery hakwenda naye. Alitumwa hospitali kumwona mzee, ambaye siku hiyo madaktari wangesema kama anatoka au anabaki. Domitille alichagua pale mihogo ilipooza vibaya zaidi, akaanza kuchimba.

Shimo la kusomea udongo lina adabu zake. Linakuwa refu kama mtu aliyelala, ili uweze kusimama ndani na kugeuka. Ukuta mmoja unaachwa wima na msafi, umeelekea jua, huo ndio wa kusoma. Upande wa pili unakata ngazi. Udongo wa kila tabaka unauweka fungu lake, usiuchanganye na mwingine, kwa sababu utaurudisha ulikotoka. Ndiyo kazi ya mikeka ile. Juu alikuta kitu kama shubiri moja ya udongo mweusi-kahawia, laini, wenye mizizi na minyoo, akauweka kwenye mkeka wa kwanza. Chini yake sururu ikagonga kitu kigumu, tabaka jembamba lililoshindiliwa na majembe ya miaka mingi, linabanduka vipande bapa. Kisha ukaja udongo wa kijivu uliopauka, laini kama unga, wenye madoa ya kutu. Huo ulikwenda chini sana. Shimo lilipomfika kifuani, rangi ikageuka buluu-kijivu, udongo ukaanza kunata kwenye koleo na kunuka yai bovu, na maji yakachuruzika taratibu kwenye vidole vya miguu.

Alisafisha ule ukuta kwa kisu. Akautazama. Na hapo, peke yake shimoni, Domitille akaanza kucheka, kwa sababu alikuwa ameelewa.

Sasa tumgeukie Mama Félicité, aliyekuwa anakuja kupalilia maharagwe yake. Aliona nini? Aliona shimo refu kama mtu kwenye shamba la Papa Basile, ambaye alijua yuko mahututi hospitali, na ambaye kila mtu bondeni alimsikia akisema, "Nikifa munizike mu shamba yangu." Aliona udongo umerundikwa juu ya mikeka. Akaona kichwa cha binti yake kinapanda na kushuka ndani, peke yake, na mabega yanatikisika. Ungefikiri nini wewe?

"Yooo!" Mama Félicité alitupa jembe, akashika kichwa. "Papa Basile! Papa Basile wetu! Wanaume ya iyi familia wako wapi? Mutoto mwanamuke anachimba kaburi ya baba yake yeye peke!"

Sauti ile ilisikika mpaka kwenye nyumba za mwisho. Na Domitille, mle shimoni, alisikia nini? Alisikia jina la baba yake likililiwa. Kicheko kikamkauka mdomoni. Akafikiri wameleta habari kutoka hospitali. Akapanda ngazi zake za udongo akiwa na matope mpaka kiunoni, akaanguka mikononi mwa Mama Félicité na kulia kilio cha kweli. Na Mama Félicité alipoona binti mwenyewe analia, shaka yote ikamtoka. Kwa hiyo kila mmoja akawa anamthibitishia mwenzake.

Watu wa bonde hawangoji kualikwa matanga. Wanawake walikuja mbio wamefunga vitenge viunoni, wengine na kuni kichwani, maana kilio bila moto si kilio. Ezéchiel alikuja analia kushinda wote. Étienne alifika na kibao chake cha matofali begani, akawakuta katika hali hiyo, kibao kikamponyoka. "Yaya, kwa nini hukuniita?" alilia. "Minye ndiye wa kuchimba!" Akamkumbatia dada yake, na tofali na mihogo vyote akavisahau.

Katikati ya kilio pikipiki ikaja inaruka-ruka juu ya kingo za mfereji. Emery alikuwa ameishikilia nyuma kama aliyeketi juu ya mamba. Kati yake na dereva alikaa mzee mwembamba amevaa sweta la sufi, na mzee huyo alikuwa Basile. Madaktari walikuwa wamemruhusu, na alikataa kupelekwa nyumbani kabla hajaona binti yake anachofanya shambani.

Kilio kilikatika ghafla. Mwanamke mmoja alikimbilia kwenye mihogo. Basile akashuka polepole, akawatazama watu, akazitazama kuni.

"Munalilia nani?"

Mama Félicité akasogea mbele. "Tunakulilia weye, Papa."

Mzee akafikiri kidogo. "Basi muendelee kidogo, nisikie."

Watu walivunjika mbavu. Waliocheka sana ni wale waliolia sana, na Domitille alicheka na kulia kwa pamoja, amemshika baba yake mkono kana kwamba atapeperuka. Kisha Basile akaonyesha shimo kwa fimbo, akauliza ni la nini, na Domitille akajifuta uso kwa kiganja cha matope. Watu walikuwa wamemzunguka, mdogo wake na baba yake mdogo wamo. Sasa angesema, au asingesema tena.

Alishuka shimoni, akaweka kidole kwenye ukuta.

"Muangalie. Hapa juu ni chakula, shubiri moja tu. Hapa chini yake ni ngumu, jembe ndiyo imepiga ikakuwa ngumu. Muone mizizi ya mihogo: ilifika hapa, ikapinda, ikatembea pembeni. Ilikatazwa kushuka." Kidole kikateremka kwenye kijivu. "Na hizi doa nyekundu ni kutu. Udongo uko na chuma ndani yake. Maji ikijaa, hewa inakosa, udongo unapauka. Maji ikishuka, hewa inapita mu njia ya mizizi, ile chuma inashika kutu kama sufuria imeachwa inje. Basi pahali kuko kutu, maji inapanda na inashuka. Leo ni kiangazi, munaona juu kukavu. Lakini kutu inaanzia hapa, karibu na juu kabisa! Mihogo yangu ilikuwa inalala mu maji, na minye nikiwa ninakanyaga juu, sijui." Akaondoa kidole ukutani. "Ningechimba mbele ya kupanda, nisingeozesha. Nilikuwa na kiburi."

Hilo la mwisho alilisema kwa sauti ndogo, na ni mara chache limesikika kinywani mwake.

"Na ile ya bulu chini?" Basile akauliza.

"Hiyo maji haitoki hata kiangazi. Ndiyo inazuia maji ya juu isishuke. Lakini mupunga unapenda vile, Papa. Udongo wa kushika maji, laini, ni kitanda yake. Mupunga hapa katikati, mateke, yale magimbi yetu, pembeni ya mufereji, na mihogo ile upande wa njia tu, juu ya matuta ya kufika magoti, na mufereji tuuchimbe tena. Iyi shamba haiko mubaya. Sisi ndio tuliiomba kitu haina."

Étienne alishuka shimoni. Akachota ule wa kijivu, akautemea mate, akaufinya, akauviringisha kati ya viganja upate urefu wa mnyoo. Mnyoo ukakatika. Akaviringisha mwingine, ukakatika pia. Akajaza kibao chake, akakigonga, akakiinua, na tofali likakaa kidogo kisha likalegea na kuinama kama mlevi. Akajaribu ule wa buluu. Huo ulishikana vizuri, lakini kila alipochota, maji yalijaa pale alipochota.

Angeweza kunyamaza. Watu pale hawakujua kazi ya matofali kama yeye, na angewaambia kitu chochote wangeamini. Étienne akakung'uta mikono.

"Nilitaka iwe tofali," alisema. "Haiko tofali. Nikichoma iyi, nyumba ya muntu itaanguka. Yaya anasema kweli."

Domitille alimtazama mdogo wake, na sijui wakati ule alijivunia kipi zaidi, udongo wake au kijana aliyemlea.

Ezéchiel akakohoa. "Sawa, mupunga. Lakini shamba ni ya familia. Mutoto mwanamuke…"

"Munishushe," Basile akasema.

Walimsihi aache, kifua chake, baridi, matope. Hakusikia la mtu. Étienne alimpokea chini na Emery akamshikilia juu, na mzee aliyelima shamba lile tangu ujana wake bila kuona chini yake akasimama ndani yake kwa mara ya kwanza. Alipitisha vidole ukutani, kwenye weusi, kwenye kutu, kwenye buluu. Alinusa. Kisha akageuka, kichwa chake kikiwa sawa na miguu ya watu waliomzunguka.

Wote mnajua desturi. Siku ya kuondoa matanga, mbele ya waliokuja kulia, ndipo panaposemwa nani anachukua nini, na kila aliyesikia ni shahidi mpaka kufa kwake.

"Mumekuja ku matanga yangu," Basile alisema. "Muzuri. Shamba iyi ni ya Domitille. Nilimupa zamani, leo ninasema mbele yenu. Étienne iko na kiwanja ya nyumba, na iko na mikono. Mumesikia?"

"Kaka," Ezéchiel akasema, "matanga ni ya muntu alikufa!"

"Mulinililia ao hamukunililia?"

"Tulikulilia."

"Kaburi iko ao haiko?"

"Iko…"

"Na nani iko ndani?"

Ezéchiel akachungulia shimoni. "Inakosa tu kufa," akanung'unika.

"Hiyo itakuja, usihangaike," Basile akamjibu. "Na ikikuja, musinizike hapa. Kumbe miaka yote nilikuwa ninawaomba munitupe mu maji."

"Tumesikia!" Mama Félicité akapaza sauti, na wanawake wote wakaitikia, tumesikia, wakapiga vigelegele vilivyowatimua ndege kwenye matete. Domitille, mwenye maneno yote yale sokoni, alisimama mdomo wazi, machozi yakichora njia kwenye matope ya uso wake. Alikuwa na furaha na fahari iliyomshinda kubeba.

Mzee alipopandishwa na kufunikwa vitenge, ikabaki kulifukia shimo. Kwenye maziko yetu kila mtu hutupa udongo, wa kwanza akiwa ndugu wa damu, na mkono uliozoea hauulizi. Ezéchiel akapiga hatua mbele, akachota kiganja kilichojaa kwenye mkeka wa karibu, ule udongo mweusi wa juu, akauinua juu ya shimo.

"Hapana, baba mudogo!" Domitille alipiga kelele. "Ile ya bulu kwanza! Mweusi ni wa mwisho, ndio mupunga wangu utakula!"

Ezéchiel akautazama ule weusi mkononi mwake, akawatazama mashahidi wote wale. Kisha akaurudisha kwenye mkeka wake taratibu, bila kumwaga, akainama na kuchota wa buluu, kwa sababu mwenye shamba alikuwa amesema.